Migogoro kazini: Namna inavyozuka, inavyokua na inavyoweza kutatuliwa

WAHENGA walisema penye wengi pana mengi. Popote wanapokusanyika watu kufanya kazi pamoja, iwe ofisini, kiwandani, shuleni, hospitalini au katika chama cha akina mama cha kuwekeana akiba, kutofautiana hakukosi kutokea. Wanaokutana humo wana malezi tofauti, tajriba tofauti na matarajio tofauti, ilhali wanategemea fedha zile zile, vifaa vile vile na saa zile zile za kazi.

Hata hivyo, viongozi wengi huuona mgogoro kuwa aibu ya kufichwa au uasi wa kuzimwa. Matokeo ya mtazamo huo ni kwamba jambo dogo ambalo lingezungumzwa kwa dakika 10 huachwa likaota mizizi, hadi likavunja kikundi kilichojengwa kwa miaka mingi.

Makala haya yanaeleza maana ya mgogoro kazini, aina zake, vyanzo vyake, hatua unazopitia na njia za kuutatua. Hoja kuu ni moja: kinachobomoa kikundi aghalabu si kule kutofautiana kuhusu kazi, bali ni kuiacha tofauti ya kazi igeuke uhasama kati ya watu.

Maana ya mgogoro kazini

Mgogoro kazini ni hali ambapo mtu au kundi linahisi kwamba maslahi, maoni au heshima yake inazuiwa au kutishiwa na mtu au kundi jingine ambalo linategemeana nalo.

Katika maelezo hayo, mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni kuhisi. Mgogoro unaweza kuwapo hata kama hakuna aliyemkosea mwenzake, maadamu mmoja anaamini kwamba amekosewa. La pili ni kutegemeana. Watu wasiohitajiana huachana tu, kila mmoja akashika njia yake. Wanaogombana ni wale ambao kazi ya mmoja haiwezi kukamilika bila ya mwingine.

Mgogoro hutokea katika viwango mbalimbali. Upo ule ulio ndani ya mtu mmoja, mathalan karani anayepewa amri zinazopingana na wakubwa wawili. Upo wa watu wawili, upo wa wanachama wa kikundi kimoja, na upo wa idara moja dhidi ya nyingine. Kiongozi anayetaka kutatua mgogoro sharti kwanza ajue uko katika kiwango kipi, kwa sababu ugomvi wa watu wawili mara nyingi huwa ni dalili tu ya idara mbili zilizopangwa vibaya.

Wataalamu walivyobadili mtazamo

Kwa muda mrefu, wasimamizi walichukulia kuwa shirika zuri ni lile lisilo na mabishano. Mmoja wa watu wa kwanza kuupinga mtazamo huo alikuwa mwanamke Mmarekani, Mary Parker Follett, aliyezaliwa mwaka wa 1868 na kufariki mwaka wa 1933.

Katika mhadhara alioutoa mwaka wa 1925, Follett alieleza kwamba mgogoro si mzuri wala si mbaya kwa asili yake. Ni tofauti tu iliyojitokeza. Alitumia mfano wa msuguano: fundi wa mitambo hujaribu kuupunguza pale unapoharibu mashine, lakini hautupilii mbali, kwa kuwa pasipo msuguano fidla haiwezi kutoa muziki.

Follett alitaja njia tatu za kumaliza tofauti. Ya kwanza ni upande mmoja kuushinda mwingine. Ya pili ni maafikiano ambapo kila upande unaacha sehemu ya ulichotaka. Ya tatu, ambayo ndiyo aliyoipendelea, ni kutafuta suluhisho jipya ambalo mahitaji halisi ya pande zote yanatoshelezwa.

Mfano wake mmoja utaeleweka upesi na mkulima yeyote wa Kiambu, Nyeri au Nandi anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika. Wafugaji wa chama kimoja huko Marekani walikaribia kutengana kwa sababu ya zamu ya kupakua mitungi ya maziwa. Kituo cha kupokelea maziwa kilikuwa penye mteremko. Waliofika kutoka upande wa juu walidai kwamba wao ndio waliostahili kutangulia, na waliofika kutoka upande wa chini wakadai hivyo hivyo.

Kila upande ulikuwa ukifikiria majibu mawili tu: ama sisi au wao. Mtaalamu aliyeitwa kutazama jambo hilo alipendekeza jukwaa la kupakulia libadilishwe mahali, ili pande zote mbili zipakue kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeshindwa. Kilichokuwa na kasoro ni jukwaa, wala si wafugaji.

Aina za migogoro

Watafiti wa leo hugawa migogoro ya vikundi vya kazi katika aina tatu:

(i) Mgogoro wa kazi yenyewe. Huu unahusu kinachofaa kufanywa: je, bei ipandishwe au isipandishwe? Chama kinunue shamba au kijenge nyumba za kukodisha?

(ii) Mgogoro wa utaratibu. Huu unahusu nani afanye nini, lini na kwa kutumia nini. Mabishano ya zamu, ratiba na gari la ofisi huingia hapa.

(iii) Mgogoro wa mahusiano. Huu unahusu watu wenyewe: tabia, kabila, umri, lugha, wivu na dharau.

Mtafiti Karen Jehn, katika kazi aliyoichapisha mwaka wa 1995, alionyesha kwamba mgogoro wa mahusiano hupunguza uradhi wa wanakikundi, ilhali mabishano kuhusu kazi yenyewe yanaweza kusaidia pale kikundi kinaposhughulikia mambo yasiyo ya kawaida. Hata hivyo, mwaka wa 2003 Carsten De Dreu na Laurie Weingart walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, wakapata kuwa kwa jumla aina zote mbili ziliambatana na utendaji duni. Uchambuzi mwingine wa mwaka wa 2012, ambao Jehn alishiriki, ulitoa mwanga zaidi: mabishano ya kazi yana madhara machache, na hata huweza kufaa, pale ambapo hayakuchanganyika na chuki za watu binafsi.

Funzo hapa ni bayana. Si kweli kwamba kila mabishano hujenga, kama wanavyopenda kusema baadhi ya wakufunzi wa uongozi. Mabishano hujenga tu yanapobakia kwenye jambo lenyewe, na ni vigumu kuyazuia yasihamie kwa watu. Hiyo ndiyo kazi ya kiongozi.

Vyanzo vya migogoro

Vyanzo ni vingi, ila vinavyojirudia sana ni hivi:

(i) Uhaba wa raslimali. Fedha, vifaa, nafasi za kupandishwa cheo na hata ofisi yenye dirisha zinapokuwa chache, kila mmoja hujitetea.

(ii) Majukumu yasiyoelezwa. Wawili wanapodhani kazi ni yao, hugongana. Kila mmoja anapodhani kazi ni ya mwenzake, hulaumiana.

(iii) Malengo yanayopingana. Idara moja hupimwa kwa wingi wa mauzo, nyingine kwa uchache wa hasara.

(iv) Mawasiliano mabovu. Habari isiyotolewa na mkubwa hutolewa na uvumi.

(v) Upendeleo na dhuluma. Wafanyakazi huweza kuvumilia mshahara mdogo kwa muda, lakini ni vigumu kuvumilia kuona mwenzao akipewa zaidi kwa kazi ile ile kwa sababu ya ujamaa na mwajiri.

(vi) Mabadiliko. Mtambo mpya, mkubwa mpya au kuunganishwa kwa idara huwatia watu hofu ya kupoteza nafasi zao.

Fauka ya hayo, kikundi kipya hupitia msukosuko kwa kawaida. Mtaalamu wa saikolojia Bruce Tuckman alieleza mwaka wa 1965 kwamba vikundi hupitia hatua ya kuundwa, kisha ya mvutano, kisha ya kukubaliana kanuni, na mwishowe ya kufanya kazi kikamilifu. Kwa hivyo kamati iliyoundwa juzi ikianza kuzozana, haifai kuvunjwa mara moja. Huenda iko njiani tu.

Mgogoro hukuaje?

Louis Pondy, katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1967, alionyesha kwamba mgogoro hupitia hatua tano. Tuzitazame hatua hizo kwa mfano wa kubuni wa kampuni inayosambaza unga wa mahindi.

Hatua ya kwanza ni ya mgogoro uliojificha. Afisa wa mauzo analipwa marupurupu kulingana na magunia anayouza. Msimamizi wa bohari anakatwa mshahara kwa kila gunia lisiloonekana. Mmoja anataka mali itoke haraka, mwingine anataka kila gunia lihesabiwe mara mbili. Hawajagombana bado, lakini mbegu imo ardhini.

Hatua ya pili ni ya mgogoro unaotambuliwa. Afisa wa mauzo anaanza kuona kwamba mizigo yake huchelewa.

Hatua ya tatu ni ya mgogoro unaoingia moyoni. Haulizi tena kwa nini mzigo umechelewa. Anajiambia, "Mzee huyu ananionea wivu." Naye msimamizi wa bohari anajiambia, "Kijana huyu hana heshima, anadhani mimi ni mpagazi wake." Hapa ndipo jambo la magunia lilipogeuka kuwa jambo la watu.

Hatua ya nne ni ya mgogoro wa wazi. Wanarushiana maneno mbele ya wateja. Wafanyakazi wengine wanaanza kujipanga huku na huku. Mafundi wa kutega masikio wanapeleka umbea.

Hatua ya tano ni ya matokeo. Tofauti ikitatuliwa, wawili hao huweza kufanya kazi vizuri kuliko awali. Ikizimwa tu kwa amri, hubaki kama makaa chini ya majivu, nayo huwa mwanzo wa mgogoro mwingine.

Msomaji ataona kwamba katika hatua mbili za mwanzo, tatizo lingemalizwa kwa kubadilisha utaratibu wa kutoa mizigo. Kuanzia hatua ya tatu, utaratibu peke yake hautoshi. Nyoyo nazo zinahitaji tiba.

Sisi na wao

Mgogoro wa makundi una nguvu zake. Mwaka wa 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22, wa umri wa takriban miaka 11, katika kambi ya likizo huko Oklahoma, Marekani. Waliwagawa katika makundi mawili, kisha wakawashindanisha katika michezo yenye zawadi. Punde si punde makundi hayo yalianza kutukanana, kuchomeana bendera na kuvamiana mabwenini, ingawa wavulana hao hawakuwa na uadui wowote hapo awali.

Watafiti walijaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha kwenye mlo na burudani. Hilo halikusaidia, walitumia nafasi hiyo kurushiana vyakula. Uhasama ulianza kupungua pale tu walipokabiliwa na matatizo ambayo hakuna kundi lililoweza kuyatatua peke yake, kama vile kukatika kwa maji kambini na gari la chakula lililokataa kuwaka.

Waajiri wanaodhani kwamba karamu ya mwisho wa mwaka itaondoa uhasama wa idara mbili wana la kujifunza hapa. Mlo wa pamoja hautoshi. Panahitajika kazi ya pamoja ambayo kufaulu kwake kunategemea pande zote mbili.

Ukimya nao una hatari

Kuna shirika ambalo halina mabishano kwa sababu watu wanaelewana, na kuna lile ambalo halina mabishano kwa sababu watu wanaogopa. Kwa nje yanafanana, ila hili la pili ni la hatari mno.

Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha angani cha Challenger, cha Marekani, walionya kwamba baridi kali ingedhoofisha mipira ya kuziba viungo vya roketi hizo. Wakubwa wao walijitenga kwa mashauriano mafupi, wakabadilisha pendekezo la kampuni na kuruhusu safari. Asubuhi yake chombo hicho kilisambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Tume iliyoteuliwa na rais wa nchi hiyo ilipata kwamba, mbali na hitilafu ya mitambo, namna uamuzi ulivyofikiwa ilikuwa na kasoro.

Kwa hivyo, anayepinga jambo mkutanoni si lazima awe adui wa shirika. Huenda ndiye pekee anayeliokoa.

Njia tano za kukabili mgogoro

Mwaka wa 1974, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann walitoa mpango unaotumiwa hadi leo wa kueleza namna watu wanavyoikabili migogoro. Walitaja njia tano:

(i) Kukwepa. Hufaa jambo linapokuwa dogo au hasira zinapokuwa juu. Likifanywa desturi, huzaa kinyongo.

(ii) Kukubali matakwa ya mwenzako. Hufaa unapogundua umekosea, au jambo linapokuwa na uzito zaidi kwake kuliko kwako.

(iii) Kushindana. Hufaa penye dharura au suala la usalama na uadilifu. Mhasibu hapatani na mwizi kwa kumwachia nusu ya fedha.

(iv) Kuafikiana kwa kila upande kupunguza. Hufaa muda unapokuwa mfupi na nguvu za pande mbili zinapolingana.

(v) Kushirikiana kutafuta suluhisho linalowafaa wote. Hii huchukua muda na subira, lakini hudumu.

Hakuna njia iliyo bora kila wakati. Kosa ni kuwa na njia moja tu, kama fundi ambaye chombo chake cha pekee ni nyundo.

Hatua za kusuluhisha

Kiongozi anayeitwa kusuluhisha anaweza kufuata mpangilio huu.

Kwanza, asikilize kila upande faraghani kabla ya kuwakutanisha, na asionyeshe anaegemea wapi. Pili, atenganishe tukio na tabia. Kauli "wewe ni mzembe" humfanya mtu ajitetee. Kauli "mzigo wa Jumatatu ulitoka saa nane badala ya saa nne, na mteja akaenda kwingine" humpa mtu jambo la kujibu.

Tatu, aulize sababu ya kila dai. Watu huja na misimamo, lakini chini ya msimamo kuna hitaji. Afisa wa mauzo wa mfano wetu alihitaji kutimiza ahadi kwa wateja. Msimamizi wa bohari alihitaji kutolipishwa hasara isiyo yake. Mahitaji hayo mawili hayapingani. Oda zikifika bohari jioni ya kutangulia, magunia yanaweza kuhesabiwa na wote wawili mapema na kutiwa sahihi kabla ya gari kuondoka.

Nne, makubaliano yaandikwe: nani atafanya nini na kuanzia lini. Tano, iwekwe tarehe ya kutazama tena. Migogoro mingi hurudi kwa sababu wasuluhishi hupeana mikono, wakaondoka, na hakuna aliyefuatilia.

Ikiwa kiongozi mwenyewe ni mmoja wa wanaozozana, asijifanye mwamuzi. Amwite mtu wa kando anayeheshimiwa na pande zote.

Kwa vyama vidogo vya akiba, kinga iliyo bora ni katiba iliyoandikwa mapema, yenye kueleza mikopo, faini, uchaguzi na namna ya mwanachama kujiondoa. Kanuni iliyotungwa kabla ya ugomvi huonekana ya haki. Iliyotungwa katikati ya ugomvi huonekana silaha.

Sheria za Kenya zinasemaje?

Kenya ina historia ndefu ya kutafuta njia za amani kazini. Mnamo Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Leba, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani. Mahakama ya Viwanda ilianzishwa mwaka wa 1964. Katiba ya 2010 iliagiza kuwapo kwa mahakama ya masuala ya ajira yenye hadhi ya Mahakama Kuu, ambayo sasa ni Mahakama ya Ajira na Leba.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Kifungu cha 159 kinahimiza usuluhishi, maridhiano na njia za jadi za kutatua mizozo.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu chake cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au hali ya afya amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Sheria hiyo pia inataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi kanuni za nidhamu na mtu wa kupelekewa malalamiko, ingawa waajiri wenye wafanyakazi chini ya 50 hawabanwi na sharti hilo.

Kwa upande wake, Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inaeleza namna ya kuteuliwa kwa mpatanishi, ambaye hupewa siku 30 kutafuta mwafaka isipokuwa pande husika zikubaliane kuongeza muda. Mgomo nao sharti utanguliwe na notisi ya siku 7.

Hata hivyo, mahakama ni mahali pa mwisho. Jaji anaweza kuamuru mtu alipwe fidia au arejeshwe kazini, lakini hawezi kuamuru wawili waaminiane.

Hitimisho

Mgogoro hauwezi kukomeshwa mahali pa kazi, na haifai kujaribu kuukomesha. Linalowezekana ni kuutambua ungali unahusu magunia, zamu au bajeti, kabla haujahusu mtu na utu wake. Kiongozi mwema ni yule anayeuliza mapema, anayesikiliza pande zote na anayekagua jukwaa kabla ya kuwalaumu wafugaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chama kilichovunjika hujengwa kwa akiba na kazi za watu ambao pengine hawakuwa na ugomvi wowote.